Kuchagua Spea za Saspensheni ya Mbele ya Pikapu ya Zamani: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Maswali yanayonijia kuhusu pikapu za zamani yanafanana mno. "Nimenunua seti nzima, boljointi haiingii." "Nimefunga springi mpya, pua imenyanyuka na gari linadunda." "Kila kitu ni kipya lakini usukani unavuta kushoto." Nikifuatilia, mara nyingi fundi hana kosa katika kufunga. Spea zilinunuliwa kabla gari halijapimwa. Kwa hiyo hapa tunakwenda kinyume na mazoea: gari linapimwa kwanza, dukani tunakwenda mwishoni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jeki na stendi mbili imara. Jeki hunyanyua, stendi hushikilia. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.
- Vizuizi vya tairi za nyuma.
- Chombo cha kubania springi, ikiwa gari lako lina koili.
- Venia kalipa, futi ya chuma, na maikromita ikiwa una kingpini (pini nene ambayo tairi la mbele hugeukia).
- Geji ya saa (ya kupimia ulegevu mdogo) yenye kishikio cha sumaku.
- Chombo cha kutolea boljointi (kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachoruhusu tairi kugeuka na kupanda) na tairodi (fimbo za usukani), na presi au karakana jirani iliyo nayo.
- Toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza).
- Brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, chaki ya kuwekea alama.
- Kitabu cha ufundi cha modeli yako. Huu ndio ununuzi wa kwanza, kabla ya spea yoyote.
- Daftari, simu ya kupigia picha, na vifuko vya kuhifadhia bolti za kila kiungo peke yake.

## Hatua ya 1: Tambua kilicho chini ya gari

Usiamini mwaka ulioandikwa kwenye kadi. Gari la miaka 40 au 50 limepita mikononi mwa mafundi wengi, na ekseli, habu na breki huhamishwa kutoka gari moja kwenda jingine. Lala chini, safisha matope na grisi, uangalie mwenyewe.

Utakuta mojawapo ya mifumo hii.

Ekseli nzima juu ya springi za bapa. Ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwa yubolti. Ndivyo zilivyo Land Rover za Series, Land Cruiser za 40, na Hilux za kwanza za 4x4 zilizoanza 1979.

Ekseli mbili zinazopishana, kila tairi na yake, juu ya koili. Huu ni mfumo wa Ford ulioitwa Twin I-Beam, ulioingia kwenye F-100 za mwaka 1965.

Mkono wa juu na mkono wa chini, katikati koili. Chevrolet C10 zilihamia huku mwaka 1963.

Mikono miwili na fimbo ya kusokotwa badala ya koili. C10 za 1960 hadi 1962 zilikuwa hivi. Hapa kuna tahadhari moja: fimbo ya kushoto na ya kulia hazibadilishani nafasi, kwa sababu kila moja imeshazoeshwa kusokotwa upande wake. Zitie alama kabla hujazitoa.

Kwa nini hatua hii haina mkato? Chukua C10. Hadi 1970 ilikuwa na dramu mbele na tairi za nati 6. Mwaka 1971 zikaja diski na nati 5. Wamiliki wengi wa magari ya kabla ya hapo wamehamishia sehemu ya mbele ya 1971 au 1972 ili wapate diski. Sasa kadi inasema 1968, muuzaji anakupa spea za 1968, na hakuna kinachoingia. Muuzaji hana kosa. Alijibu swali aliloulizwa.

Tafuta pia namba zilizochongwa au zilizomiminwa kwenye chuma cha habu, mikono na ekseli. Zipige picha.

*Umefanikiwa* ukiweza kuandika kwa mstari mmoja aina ya mfumo, aina ya breki, idadi ya nati za tairi, na gari ambalo sehemu hizo zilitoka.

## Hatua ya 2: Amua gari litafanya kazi gani

Pikapu ya kubebea mzigo kila siku, ya kutembelea barabara ya lami, na ya kupita mashimo hazitumii springi moja. Amua sasa, maana uamuzi huu utachagua springi, bushi (mipira au pete za ndani ya viungo) na shokapu kwa pamoja.

Kubwa zaidi ni uzito wa mbele. Injini imebadilishwa? Silinda 6 za chuma zimepisha V8? Kumeongezwa winchi, bampa nzito, kompresa ya kiyoyozi? Ukiweza kufika kwenye mizani ya magari, pima ekseli ya mbele peke yake, tangi likiwa na mafuta. Kipimo hicho kina faida kuliko maelezo yoyote ya katalogi.

## Hatua ya 3: Pima kabla ya kuvua

Hapa ndipo watu wengi huharakisha, na hapa ndipo kazi yote huamuliwa.

Egesha mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo sahihi. Kila upande, andika:

1. Urefu kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa matigadi.
2. Urefu kutoka chesisi hadi sakafuni.
3. Nafasi kati ya mpira wa kikomo (unaozuia saspensheni isigonge chesisi) na chuma unachogonga.
4. Urefu wa shokapu kutoka bolti ya juu hadi ya chini.

Linganisha na kitabu. Kumbuka kwamba springi ulizonazo huenda zimelala, kwa hiyo kimo cha leo si lazima kiwe kimo cha kurudishia. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, usikimbilie kulaumu springi. Angalia kwanza kiti cha springi, bushi zilizoliwa na chesisi yenyewe.

Chesisi ipimwe kwa mshazari: kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili visipolingana, chesisi imepinda, na hakuna spea itakayolinyoosha gari hilo. Tafuta nyufa kuzunguka viti vya springi na mahali stelingi boksi inapofungwa, kwa sababu hapo chuma hubeba mizigo mikubwa.

Sasa tafuta mchezo, yaani ulegevu wa viungo. Kwa gari la mikono miwili, mahali pa kuweka jeki panategemea koili inakalia mkono upi. Ikikalia mkono wa chini, weka jeki chini ya mkono huo, karibu na boljointi, ili mzigo utoke kwenye kiungo. Ikikalia mkono wa juu, nyanyua kwenye chesisi. Ukikosea hapa, springi itaendelea kukaza kiungo na boljointi iliyokufa itaonekana nzima. Tikisa tairi ukishika juu na chini, kisha kushoto na kulia, na mtu wa pili aangalie ni kiungo kipi kinachocheza. Weka geji ya saa, andika kipimo, kilinganishe na kikomo cha kitabu.

Onyo la koili. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Ibane kwa chombo chake, ifunge kwa mnyororo kwenye chesisi, na wakati mkono wa chini unateremshwa kwa jeki, asikae mtu mbele ya springi.

*Umefanikiwa* ukiwa na orodha yenye safu tatu: kizima, kilichokufa, kinachohitaji kupimwa tena kikiwa mezani.

## Hatua ya 4: Chagua springi

Maneno kama "hevi dyuti" hayakuambii lolote. Vipimo ndivyo vinavyosema.

### Koili

Pima unene wa waya, kipenyo cha ndani, idadi ya mizunguko na urefu springi ikiwa huru. Angalia pia ncha zake: zimekatwa wazi, zimelazwa au zimesagwa? Ncha lazima ilingane na kiti chake.

Unene wa waya ndio unaowaponza wengi, kwa sababu ugumu wa koili hupanda kwa kipeo cha nne cha unene huo. Ukitoka waya wa milimita 17 kwenda 18, mengine yote yakibaki yalivyo, springi inakuwa ngumu zaidi kwa takriban asilimia 26. Kwa jicho huioni tofauti hiyo. Mgongo wako utaiona.

Kukata mzunguko mmoja ili gari lishuke kunapunguza mizunguko inayofanya kazi, hivyo springi inakuwa fupi na ngumu kwa pamoja, na ncha iliyokatwa huenda isikae kwenye kiti chake. Ukitaka gari la chini, nunua springi iliyotengenezwa kwa kimo hicho. Usikubali kabisa koili kupashwa moto ili ilale. Moto unaharibu ugumu wa chuma, na springi hiyo itaendelea kulala au itavunjika.

### Springi za bapa

Pima upana wa chuma, unene wa kila bapa, idadi ya bapa, kipenyo cha jicho, na urefu kutoka senta bolti (inayoshika bapa zote pamoja) hadi kila jicho. Upime urefu huo kwa pande zote mbili, kwa sababu senta bolti haikai katikati katika springi nyingi. Springi iliyofungwa kinyume husogeza ekseli mbele au nyuma.

Ugumu hapa hufuata kipeo cha tatu cha unene. Bapa la milimita 7 ni gumu kuliko la milimita 6 kwa karibu asilimia 59. Bapa nyingi nyembamba huleta mwendo laini kuliko chache nene zinazobeba uzito uleule.

Nunua yubolti mpya pamoja na springi. Yubolti hurefuka zinapokazwa, na za zamani hazishiki tena kwa nguvu ileile. Senta bolti nayo iwe mpya.

Springi zinunuliwe jozi siku zote, kushoto na kulia, kutoka kwa mtengenezaji mmoja.

## Hatua ya 5: Viungo vya kugeuzia tairi

### Boljointi

Jua kwanza ipi inabeba mzigo. Koili ikikalia mkono wa chini, boljointi ya chini ndiyo inayobeba gari, kwa hiyo hapo usitafute unafuu wa bei.

Linganisha vitu vinne kati ya ya zamani na mpya: kipenyo cha mwili, umbali kati ya matundu ya bolti, urefu wa shina, na mchongoko wa shina (jinsi linavyopungua unene kuelekea ncha). Mchongoko ndio unaosahaulika. Paka shina wino wa maka peni, liingize kwenye tundu lake kwa mkono, lizungushe kidogo, litoe. Wino ukiwa umefutika kwenye zaidi ya robo tatu ya eneo la kugusana, umepata spea sahihi. Ukifutika kwenye pete moja tu juu au chini, usifunge. Kukaza nati kwa nguvu hakutengenezi mchongoko.

Katika magari mengi boljointi ya juu ilitoka kiwandani ikiwa imepigwa ribiti. Mpya hufungwa kwa bolti. Tumia zilizokuja na spea, au za daraja la 8 kwa nyuzi za inchi na 10.9 kwa nyuzi za milimita. Bolti za kawaida za dukani hazifai hapa.

Boljointi ya kushindiliwa inatakiwa kuingia kwa nguvu ya presi. Ikiteleza kwa mkono au kwa kugongwa kidogo, tundu la mkono limeliwa. Kuna wanaoishika kwa welding. Kataa. Joto huharibu plastiki na grisi iliyo ndani, na kiungo hicho kikiachia, tairi inalala ubavuni gari likiwa mwendoni. Nunua mkono mwingine.

### Kingpini

Pima pini sehemu tatu: juu, katikati na chini. Pima pia tundu la ekseli. Kama tundu la ekseli limeliwa, seti mpya ya pini na bushi itacheza vilevile.

Bushi zipo za shaba na za plastiki ngumu. Za plastiki nyingi huingia bila kuchongwa. Za shaba lazima zichongwe kwa rima (kisu cha duara cha kusawazisha tundu) baada ya kushindiliwa, tena rima ndefu inayopita bushi zote mbili kwa mstari mmoja. Mimi huchagua za shaba kwa gari la kazi, kwa sharti kwamba fundi wa rima yupo. Kama hayupo, plastiki nzuri ni bora kuliko shaba iliyokwaruzwa kwa msasa.

Hakikisha tundu la grisi la bushi limekaa sawa na nipeli (mdomo wa kupigia grisi) kabla ya kushindilia. Beringi ya kubeba uzito ifungwe kifuniko chake kikiwa juu, maji yasiingie. Seti iwe na shimu (bati nyembamba za kujazia nafasi) za kuondolea mchezo wa juu na chini.

*Umefanikiwa* stabu ekseli (kipande kinachobeba habu na kugeuka na usukani) ikigeuka kwa mkono mmoja kwa ulaini uleule mwanzo hadi mwisho, na haitikisiki.

## Hatua ya 6: Bushi

Mpira au poliurethani? Kwa gari la kutembelea na la barabara mbovu, nachagua mpira. Hunyonya mtetemo na hauhitaji grisi. Poliurethani hukaza mwendo wa gari na hustahimili mafuta, lakini hupitisha mtetemo kwenye chesisi, na ikikaukiwa huanza kulia. Hupakwa grisi iliyoelekezwa na mtengenezaji wake.

Magari mengine ya zamani yana bushi za chuma zenye nyuzi kwenye mikono, zinazopigwa grisi. Usibadilishe kwenda mpira kwa kukisia. Mara nyingi shafti yake ni tofauti, na itabidi ununue shafti na bushi kwa pamoja.

Bushi za mpira zenye ganda la chuma zina kanuni moja inayovunjwa kila siku: bolti zake zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa tairi zake, kwenye kimo chake. Mpira huo hauzunguki, hujisokota. Ukikaza tairi zikiwa zinaning'inia, gari likishushwa bushi zinaishi zikiwa zimesokotwa na zinachanika mapema.

Kuchoma bushi za zamani kwa moto ili zitoke ni hatari, moshi wake una sumu. Tumia presi, au kata ganda kwa msumeno.

## Hatua ya 7: Shokapu

Shokapu haibebi gari. Inatuliza springi. Ndiyo maana inachaguliwa baada ya springi, si kabla.

Bila springi, au springi ikiwa imeachiliwa, pandisha saspensheni hadi igonge mpira wa kikomo na upime kutoka bolti hadi bolti. Kisha ishushe hadi mwisho wake na upime tena. Shokapu iliyobanwa yote iwe fupi kuliko kipimo cha kwanza kwa takriban milimita 25, na iliyovutwa yote isizidiwe na kipimo cha pili, isipokuwa mtengenezaji ameifanya shokapu yenyewe kuwa kikomo cha kushuka. Ikiwa ndefu mno itagonga kabla ya mpira wa kikomo na kung'oa kishikio chake. Mipira ya kikomo nayo inunuliwe mipya. Haimo katika seti nyingi.

## Hatua ya 8: Habu, beringi na stelingi

Kwenye beringi, namba iliyochongwa kwenye pete ndiyo jina lake. Isome, usinunue kwa jina la gari. C10 za miaka ya 1960 zilikuwa na beringi za gololi, na zipo seti za kuzibadilisha ziwe za rola zenye mchongoko. Ni mabadiliko mazuri. Nunua beringi pamoja na pete yake ya nje, kamwe usichanganye mpya na ya zamani, na weka sili mpya. Beringi za rola zilizofungwa vizuri huacha mchezo mdogo sana, kwa magari mengi kati ya milimita 0.025 na 0.13. Kitabu chako kitataja kikomo chake.

Tairodi zina nyuzi za kulia na za kushoto, na mchongoko unaoingia kutoka juu au chini. Andika zako ni zipi. Stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) inahitaji bushi na viungo vyake vidogo tu.

## Hatua ya 9: Bolti, na ukaguzi kabla ya kulipa

Magari ya zamani huchanganya nyuzi. Bolti ya inchi 5/16 na ya milimita 8 zimepishana unene kwa chini ya milimita 0.1, na nyuzi zake haziendani. Itaingia mizunguko michache, kisha itaharibu nati. Tumia geji ya nyuzi.

Nenda dukani na spea ya zamani mkononi pamoja na daftari. Zungusha boljointi: iwe nzito na laini, isiwe na mikwaruzo. Angalia mpira wake wa vumbi kama umepasuka, maana spea ya kwenye rafu huzeeka. Ukinunua seti, fungua boksi na uhesabu: splitpini, nipeli, shimu, mipira ya kikomo. Kinachokosekana kinunuliwe siku hiyohiyo.

## Hatua ya 10: Funga, kisha peleka alaimenti

Kwenye nati yenye mapengo, kaza hadi toki iliyoelekezwa. Tundu la splitpini lisipolingana, endelea kukaza hadi pengo linalofuata. Usirudishe nyuma, kwa sababu mchongoko utalegea.

Lidundishe gari mara kadhaa, lisukume mbele na nyuma, ndipo ukaze bolti za bushi za mpira.

Kisha alaimenti. Kwenye mikono miwili, mlalo wa tairi (kemba) na pembe ya usukani (kasta) hurekebishwa kwa shimu au bolti za mviringo. Kwenye springi za bapa, pembe ya usukani hurekebishwa kwa kabari kati ya springi na ekseli. Ekseli ya kingpini hukunjwa ikiwa baridi, kwenye karakana yenye mashine yake, kamwe si kwa moto.

Mwambie fundi wa alaimenti aina ya tairi ulizofunga. Vipimo vya vitabu vingi vya zamani viliandikwa kwa tairi za baiasi, za muundo wa zamani. Tairi za radiali hutaka kwa kawaida pembe ya usukani kubwa zaidi, na hazihitaji kuelekeana kwa mbele kwingi kama za baiasi.

*Umefanikiwa* gari likienda moja kwa moja bila kuvuta upande kwenye barabara tambarare, usukani ukirudi wenyewe baada ya kona, na vimo vya kushoto na kulia vikikaribiana na vile vya kitabu. Baada ya kilomita 100 hivi, kaza tena yubolti na nati za tairi, na upime vimo upya: springi mpya hukaa kidogo, na zikishuka sana alaimenti irudiwe.